Kibuyu Kilichotiwa Maua

Binti yangu alitulipia siku mbili kwenye nyumba ya wageni yenye bustani, mimi na mama mkwe wangu, na kosa lake la kwanza lilikuwa kutuweka chumba kimoja.

Alidhani anatutendea wema. Koito yake ilikuwa imebakiza wiki tatu, ile siku watu wa kijana wanapokuja kwetu kukamilisha mambo ya mahari, kula na kunywa mpaka jioni, na kila alipopiga simu nyumbani Boito alisikia sauti zetu zimekauka. "Mama, nendeni mpumzike," aliniambia kutoka Nakuru, ambako ni muuguzi. "Mtarudi mkiwa marafiki." Nikamwambia mimi na nyanya yake hatujawahi kuwa maadui. Akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Kilichotukausha sauti kilikuwa maziwa. Kwa Wakipsigis mgeni wa koito hupewa mursik, maziwa yaliyolala siku kadhaa kwenye kibuyu kilichopakwa ndani mkaa wa mti maalum, mpaka yakaganda kidogo, yakawa na rangi ya kijivu na ladha ambayo ukishaizoea huiachi. Chakula cha koito kinaweza kupikwa na mtu yeyote, hata wa kukodishwa. Mursik inatoka kwa mama wa nyumba, na wageni wakionja wanajua wamekuja kuoa kwenye nyumba ya namna gani. Mama wa nyumba ni mimi. Lakini Kogo, yaani nyanya, kama watoto wanavyomwita na mimi nikaiga, alikuwa ametangaza mbele ya akina mama wa kanisa, chai ikiwa mikononi mwao, kwamba maziwa ya koito yatatengenezwa na mke wa mwanawe mkubwa, anayeishi upande wa Ndanai. Hakuniangalia aliposema hivyo. Akina mama wengine wote waliniangalia.

Sitajifanya nimeonewa bure. Mimi ni Mkisii, na nilikulia kwenye laini za wafanyakazi wa kampuni ya chai ambako baba na mama walichuma majani. Huko maziwa tulinunua kwa kikombe na yaliishia kwenye chai siku hiyo hiyo. Nilipoolewa Boito miaka ishirini na sita iliyopita, sikujua kibuyu ni chombo cha aina gani. Wiki yangu ya pili, nikitaka kuonyesha bidii ya bibi arusi, niliteremsha vibuyu vyote vya Kogo, vinne, nikaviosha kwa maji moto na sabuni ya unga mpaka povu likatoka shingoni. Nikavianika vikang'aa. Sasa, kibuyu si sufuria. Kibuyu kinakunywa. Kilikunywa sabuni yangu yote kikaitunza, na Jumapili mchungaji na wazee wake walipokuja, Kogo aliwamiminia maziwa kwa fahari. Mchungaji alivuta funda moja akafumba macho. Alikuwa mtu mstaarabu, alimeza. Wazee wake hawakuwa wastaarabu kiasi hicho.

Vibuyu vyote vinne vikawa kuni. Kogo hakunigombeza hata neno moja, na afadhali angenigombeza. Tangu siku hiyo nilikamua ng'ombe, nikachemsha maziwa, nikayapoza, nikambebea mpaka mlangoni kwake. Lakini kupaka mkaa, kazi inayoyafanya maziwa kuwa mursik, aliifanya peke yake nyumbani kwake, mlango umerudishwa. Mwaka huu mikono yake ilianza kutetemeka. Alimwaga mkaa sakafuni mara mbili, nikaona, nikanyamaza, nikangoja aniite. Hakuniita. Aliita Ndanai.

Hivyo ndivyo tulivyofika pale mapumzikoni, tukiwa na mabegi mawili na jambo moja ambalo hakuna aliyelitaja.

Nyumba yenyewe iko juu, mahali mashamba ya chai yanapokoma na msitu unapoanza. Mume wangu alitushusha langoni kwa pikapu ya jirani, akageuza haraka kana kwamba anakimbilia ng'ombe waliokuwa wakimngoja, na labda kweli alikuwa anakimbia kitu. Tukaingia kwa miguu.

Nimeishi na kijani maisha yangu yote. Nimechuma chai nikiwa msichana, nikiwa mjamzito, nikiwa na homa, na nilidhani hakuna jani lililobaki duniani la kunishangaza. Bustani ile ilinikosoa. Chai ina kijani cha namna moja, kilichokatwa sawasawa kama meza, na macho yakishakizoea hayakioni tena. Pale kulikuwa na kijani cheusi cha miti ya podo, kijani cha njano cha ndizi mwitu, na makangaga marefu kunishinda, ambayo majani yake machanga yalikuwa bado yamejikunja kama ngumi ya mtoto aliyelala. Njia ilikuwa ya mawe yaliyoota kuvu laini, nikaona haya kuyakanyaga kwa viatu vyangu vya kanisani. Kila upande kulikuwa na maji yanayosikika bila kuonekana.

Halafu maua. Kulikuwa na mafungu ya haidrenja makubwa kama kichwa cha mtu, ya buluu pande zote isipokuwa karibu na jiko, ambako yalikuwa ya waridi, na baadaye niliambiwa ni kwa sababu ya majivu wanayomwaga pale. Kulikuwa na waridi jeupe lililoparamia mti mpaka juu kabisa, likachanulia huko ambako hakuna mtu wa kulinusa. Nilisimama chini yake mdomo wazi. Kima weusi wenye mikia meupe, mbega, walikuwa wakirukaruka juu ya msitu, na ndege wa kijani akaruka mbele yetu akafungua mabawa, kumbe ndani ni mekundu kabisa, mekundu ambayo amekuwa akiyaficha muda wote. Nilipiga kelele kama msichana mdogo. Sikuona aibu hata kidogo.

Kogo alikuwa ameinamia haidrenja, mkono mmoja kiunoni.

"Hii inakulwa na nani?"

Mimi na yeye huzungumza Kiswahili. Kikipsigis nilikijua baadaye, lakini tulianza na Kiswahili, chake na changu kila kimoja na makosa yake, na mazoea yakabaki.

"Hailiwi, Mama. Ni ya kuangalia."

"Yote?"

"Yote."

Alitazama bustani nzima, akahesabu, nadhani, ni ng'ombe wangapi wangelishwa pale. "Eka mbili ya kuangalia," akasema, na akaanza kutembea.

Nilidhani amechukizwa. Lakini kadiri tulivyotembea ndivyo alivyozidi kupunguza mwendo, na mimi nyuma yake nikagundua kwamba anaamkia mimea. Huu ni wa tumbo la mtoto. Huu, ukimpa ndama mizizi yake anaharisha minyoo yote. Huu ulikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake, na ameuona mara ya mwisho akiwa hajaolewa. Alilishika jani la huo wa mwisho akakaa nalo kwa muda, akilipapasa kwa dole gumba. Kwetu Boito tumepanda chai mpaka kwenye uzio, mpaka ukingoni mwa barabara, na kila kichaka alichokijua Kogo tuliking'oa sisi wenyewe kwa mikono yetu. Mimi niliona urembo na yeye aliona watu aliokuwa akiwafahamu. Nilimwonea wivu kidogo.

Saa nane mvua ikaja, kama inavyokuja kila siku upande ule, kwanza upepo, halafu mawe madogo meupe yakipiga mabati mpaka huwezi kumsikia mwenzako. Tulikimbilia ukumbi wa kulia. Moto ulikuwa unawaka, vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe, na dirisha kubwa lilionyesha bustani nzima ikioga. Nilikaa nikajiambia kwamba binti yangu ni mtoto mzuri na kwamba nitamsamehe kwa kile chumba kimoja.

"Nani amefanya hii kitu?" Kogo akauliza.

Katikati ya meza yetu kulikuwa na kibuyu. Kibuyu cha kweli, sotet, cha shingo ndefu, chenye mkanda wa ngozi na shanga za buluu na nyeupe, chombo ambacho mwanamke fulani alikitunza miaka mingi mpaka kikawa na rangi ya asali. Kifuniko chake hakikuwepo. Mahali pa kifuniko palijaa maua ya haidrenja, na ndani palikuwa na maji.

Kogo aliyatoa maua yote kwa mkono mmoja akayalaza kwenye kitambaa cheupe. Akanusa mdomo wa kile kibuyu, akanisogezea ninuse. Kilinuka kama mtaro.

"Imeanza kuoza. Mtu anaweka maji kwa sotet! Maji! Hata mtoto..." Akaacha hapo, na mimi nikaisikia sehemu iliyobaki ikipita kati yetu na kukaa juu ya meza. Hata mtoto anajua. Nilijua ananifikiria mimi, na alijua kwamba nimejua. Tulikula supu yetu, kibuyu kikiwa mapajani mwake, kimepinduliwa juu ya kitambaa cha kupangusia mdomo. Dada aliyetuhudumia alitazama, akatazama tena, akaamua si kazi yake.

Asubuhi niliamka nikakuta kitanda cha pili kitupu. Niliufuata mlio wa kitu kinachovunjika, na kule mwisho wa bustani, karibu na ukuta wa mawe, nikamkuta Kogo akiwa ndani ya kichaka chenye maua ya njano yaliyosimama wima, machipukizi yake meusi juu. Niliujua kabla ya kuusogelea. Ukisugua jani lake linanuka kama bisi zilizoungua kidogo. Ni senetwet, mti wa mkaa wa maziwa, ule ule tuliokuwa nao uani kwetu tukaung'oa kupanda chai, mpaka siku hizi vijiti vya Kogo vinaletwa kutoka Ndanai. Pale walikuwa wameupanda katikati ya mayungiyungi, umepogolewa vizuri, unapendeza kuliko nilivyowahi kuuona. Na Kogo alikuwa anauvunja matawi.

Mtunza bustani alikuja mbio kwenye gambuti zake. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole wa uso, na aliponiona akanisalimia "Bwakire" moja kwa moja, kwa maana Mkisii humtambua mwenzake hata akiwa amelala. Halafu akamgeukia Kogo kwa adabu zote.

"Mama, pole sana, lakini hapa hatukati kitu. Hii ni ya wageni kuangalia."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni mgeni, Mama."

"Basi nishaangalia," Kogo akasema, akavunja tawi la pili.

Ningecheka kama mambo yangeishia hapo. Lakini Kogo alikuwa amelala na hasira yake na sasa alitaka mahali pa kuitua. Akamuuliza yule baba kama anajua ni nani anayetia maji kwenye sotet ya watu, mtu gani asiye na akili, aliyelelewa wapi. Yule baba akaivua kofia yake.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Mimi ndio huweka maua. Kila siku nabadilisha maji. Niliona ni chombo kizuri, nikasema kikae wazi bure?"

Alisema hivyo kwa namna ya mtu aliyekuwa akijivunia jambo lake mpaka dakika hiyo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, mume wangu atakwambia, na nilihisi zikipanda kutoka kwenye viatu.

"Hakujua, Mama," nikasema.

"Hakuna mtu hajui."

"Yeye hakujua! Huku alikuja kulima, hakuzaliwa kwa hii maziwa. Kuna mtu alimwambia? Kuna mtu alimwita akamwonyesha? Unaosha kitu ya mtu kwa roho safi, unataka ipendeze, kumbe umeharibu, na hakuna mtu anakuambia kitu. Miaka ishirini na sita hakuna mtu anakuambia kitu!"

Yule baba akatazama gambuti zake. Alikuwa ameshaelewa kwamba habari hii haimhusu tena, na kama kungekuwa na shimo karibu angeingia.

Sikuwahi kumpandishia Kogo sauti kabla ya siku hiyo. Nilisimama pale nikitetemeka, nikingoja aseme kwamba nirudi kwetu. Alikuwa bado ndani ya kichaka, maua ya njano yakimfika kifuani, matawi mawili mkononi, na mkono nao ukitetemeka, kwa hiyo tulikuwa watu wawili tunaotetemeka kwenye bustani nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona.

"Nilifikiria mama yako alikuonyesha," akasema mwishowe.

"Mama yangu alikuwa anachuma chai, Mama. Hatukuwa hata na ng'ombe."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Halafu akatoka kichakani, taratibu, akaniwekea mkono begani ili apite kwenye mawe, na hakuuondoa tulipofika njiani.

"Hii ni mbichi, haiwaki," akasema, akiyatupa yale matawi. Akamgeukia mtunza bustani. "Ile ya kavu uko nayo?"

Alikuwa nayo. Yote aliyoyapogoa mwezi uliopita yalikuwa yamerundikwa nyuma ya stoo, makavu kabisa, yakingoja kuchomwa bure. Alituletea mzigo mzima, na usoni alikuwa mtu aliyesamehewa. Kogo akamtuma tena, kwenye mikindu iliyoota kando ya kijito, akamkatie ufito mmoja wa kuti. Hapakuwa tena na maneno ya kwamba hapa hatukati kitu. Kogo aliuponda mwisho wa ufito ule juu ya jiwe mpaka nyuzi zikafunguka zikawa brashi, akaniambia hiyo ni sosiot, na kwamba kibuyu kinasuguliwa kwa sosiot na maji moto, na hakuna kitu kingine kinachoingia mle. "Hakuna kitu ingine," akarudia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe niliona pembe ya mdomo wake ikicheka kuhusu sabuni.

Tulikisugua kile kibuyu asubuhi yote kwenye kijito. Maji yaliyotoka kwanza yalikuwa meusi, halafu ya kahawia, halafu safi. Tulikiweka juani juu ya ukuta, na Kogo akakaa karibu nacho akikigeuza kila mara, huku akinieleza kwamba cha koito kikaushwe siku tatu kamili, hiki ni cha kufundishia mkono tu. Cha kufundishia mkono. Niliyasikia maneno hayo nikajifanya natazama vipepeo. Vipepeo walikuwepo kweli, weupe, kwa mamia, wakinywa matope, na nadhani nitawakumbuka mpaka nife kwa sababu ya kile nilichokuwa nakisikia nikiwatazama.

Mvua ilipokuja saa nane tulikuwa chumbani. Vyumba vya kule juu vina mahali pa moto kwa sababu ya baridi, na mtunza bustani alikuwa ametuletea kuni za blugamu na kututakia heri kama watu wanaokwenda kufanya mtihani. Kogo akavuta kiti akakaa, akaweka mikono yake chini ya shuka alilojifunga, akaiacha huko.

"Fanya," akasema.

"Unionyeshe kwanza."

"Mkono yangu haionyeshi tena. Fanya, mimi nitakuambia."

Nikachoma vijiti vya senetwet mpaka vikawa makaa mekundu kwenye ncha. Nikaviingiza kwenye shingo ya kibuyu, vikavunjikia ndani, moshi mtamu ukatoka mdomoni mwake. Nikapachika sosiot nikaanza kuponda kwa nguvu zangu zote, kama mtu anayetwanga mahindi.

"Unagombana na nani?"

Nikapunguza. Akaniambia nikizungushe, nikilaze ubavuni, nikipinde, mkaa upite kila mahali, kwenye tumbo na kwenye shingo, kwa maana mahali mkaa haukupita ndipo maziwa yatakapoharibikia. Nilimuuliza nitajuaje kama umepita kote, maana kibuyu hakina dirisha. Hicho ndicho nilichokuwa sikijui miaka yote, nikiwa nje ya mlango uliorudishwa. Akaniambia niweke sikio.

Niliweka sikio kwenye kibuyu chenye joto. Mwanzoni vipande vililia kama punje za mahindi kwenye debe. Nikasugua, nikazungusha, nikasikiliza tena, vikawa vinalia kama mchanga wa mtoni. Nikasugua tena. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na Kogo akasimama, akaja akainama, akaweka sikio lake upande wa pili wa kibuyu. Tulikaa hivyo, vichwa vyetu viwili kwenye kibuyu kimoja, uso wake karibu nami kuliko ulivyowahi kuwa. Ananuka maziwa na moshi, Kogo. Nilijua hilo tangu zamani, lakini sikuwahi kulisikia kwa karibu hivyo. Ndani ya kibuyu hakukuwa tena na mlio, ila kitu laini, kama mtu anayepangusa ukuta kwa kiganja.

"Hapo," akanong'ona.

Nikageuza kibuyu, nikamwaga vumbi lililobaki, nikapuliza. Jikoni walitupa maziwa yaliyochemshwa na kupoa, wakakuna kichwa lakini wakatupa. Niliyamimina polepole, nikafunika kwa kifuniko ambacho mtunza bustani alikipata kwenye droo yenye vijiko vilivyovunjika. Kogo akamkabidhi kile kibuyu yeye mwenyewe, akamwambia akiweke stoo mahali pa giza, asikitikise, asikifungue siku tano, halafu anywe. Na maua aweke kwenye chupa.

Jioni hiyo mvua ilikoma mapema. Tulitembea tena bustanini, matone yakianguka kutoka kwenye kila kitu, mawingu yakiwa chini yetu huko mabondeni juu ya chai, na kwa mbali moshi wa viwanda ukipanda. Sijui kama ni mahali pale palipokuwa pazuri kiasi kile au ni mimi niliyekuwa mwepesi. Sikutaka kuamua. Kogo alisimama mbele ya haidrenja, akazishika, akasema kwamba kwa kuangalia, ziko sawa.

Lakini bado hakuwa amesema neno kuhusu koito. Nililala nikijiambia kwamba amenifundisha, basi inatosha, nisiwe na tamaa. Sikuwa nikijiamini.

Asubuhi ya kuondoka tulikaa kwenye ngazi za veranda na mabegi yetu tukingoja pikapu. Kogo akanipa simu yake ndogo akaniambia nimpigie wa Ndanai, macho yake hayaoni namba. Nikapiga nikampa. Aliongea kwa Kikipsigis, kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu inafika mbali, kila mtu bustanini akimsikia. Akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mguu wa mwanawe. Halafu akamwambia asijisumbue na maziwa ya koito, alete tu vijiti vya senetwet mapema vikauke. Yatatengenezwa na huyu niliye naye hapa, akasema. Aliponirudishia simu alikuwa anatazama msituni.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi, lakini kilichonijia kwanza kilikuwa hofu. Watu hamsini, labda zaidi. Wazee wa upande wa kijana, bibi zao wanaojua maziwa tangu wakiwa mgongoni, wote wakiinua vikombe vyao kwa pamoja. Na mwanangu amekaa katikati. Nilianza kulia pale pale kwenye ngazi, kilio cha kipumbavu, pua na yote.

"Sijawahi hata kuonja yangu, Mama," nikasema. "Hata wewe hujaonja. Na ikiharibika?"

Kogo akatoa leso kifuani, akanipa.

"Ikikuwa mzuri, ni yako," akasema. "Ikiharibika, nitawaambia ni mimi nilitengeneza. Mimi ni mzee, mkono inatetemeka. Hakuna mtu atanisema."